Mamangu aenda Toronto: nitumie pointi za ndege au ninunue tikiti tu?

Mama Mabuibui, Kisauni

Asalaam aleykum jamani. Naomba msaada wa wenye kuyajua mambo ya tikiti. Mdogo wangu ameolewa Toronto, na inshallah atajifungua katikati ya Januari. Ni uzazi wake wa kwanza, na mamangu ameshasema hata akiambiwa aende kwa jahazi atakwenda, mwanawe hatatolewa arobaini na watu baki. Visa ya Canada imetoka, alhamdulillahi. Imebaki tikiti, na bei ninazoziona zanikata maini.

Mimi nafanya biashara ya mabuibui. Nanunua Deira kule Dubai, nauza hapa Biashara Street, kwa hivyo flydubai naipanda sana tangu ianze kuja Mombasa. Nina maili 38,000 na kitu za Skywards, zile wanazokupa kila ukisafiri nao, zimekaa tu. Shemeji yangu huko Toronto ana kadi ya benki inayompa pointi za Aeroplan. Anasema anazo nyingi lakini hajui kama zaweza kumfaa mtu asiyekuwa yeye.

Sasa, hizi maili zangu zaweza kumfikisha mamangu? Na aondoke hapa uwanja wa Moi, Mombasa, au aende akapandie Nairobi, maana bei za Nairobi naona ziko chini? Nataka aondoke kama tarehe 3 Januari, arudi kabla ya Idi. Ana miaka 66, magoti yanamsumbua, na Kiingereza chake ni cha salamu tu.

Msela wa Changamwe

Dada, ngoja Jumanne usiku, fungua ukurasa wa siri kwenye simu ili wasijue umeshatazama. Bei zitashuka. Mimi hununua hivyo siku zote.

Ami wa Tikiti, Mji wa Kale

Waaleykum salaam mwanangu, na Mwenyezi Mungu amfungue mdogo wako salama. Mimi nimezeekea nyuma ya kaunta ya tikiti Moi Avenue. IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kilipozika tikiti za karatasi Juni 2008 nilikuwepo, na vile vitabu vya kaboni vilivyobaki wanangu walivichorea. Nitaandika kirefu, kwa hivyo kaa kitako.

Nianze na huyu kijana wa Jumanne. Viti vya daraja la kawaida ukiviona ndani ya ndege ni sawa vyote, lakini kwenye kompyuta vimegawanywa mafungu, kila fungu na herufi yake na bei yake. Sisi tulikuwa tukiziona hizo herufi kwenye skrini ya Galileo, mtambo wa kukatia tikiti, na pembeni idadi ya viti vilivyobaki. Fungu la chini likiisha, mteja anaonyeshwa la juu yake. Basi. Kompyuta haina habari kama umejificha kwenye ukurasa wa siri au umekaa wazi barazani. Ukiona bei imepanda tangu jana, ujue fungu limeisha au shirika limebadilisha bei, na hilo latokea Jumanne, latokea Ijumaa baada ya swala, latokea wakati wowote. Siku ya kununua haina uzito huo. Uzito uko kwenye siku ya kusafiri.

Jambo moja dogo ambalo wengi hawalijui: ukitafutia watu watatu na fungu la chini limebaki na kiti kimoja, mtambo hautakupa kimoja kwa bei ya chini na viwili kwa bei ya juu. Wote watatu watapewa bei ya juu. Kwa hivyo tafuta kwanza kwa mtu mmoja, uone bei ya chini ni ngapi, ndipo uongeze.

Sasa tarehe yako. Tarehe 3 Januari hebu iwache. Fikiria nani anajaza ndege za Toronto. Ni watu wetu walioko kule. Wanakuja kuanzia katikati ya Disemba shule zikifungwa, wanashuka hapa na mabegi yao, na wiki ya kwanza na ya pili ya Januari wote wanarudi. Safari ya kwenda ya mamako ndiyo safari ya kurudi ya wote hao. Ni kama feri saa moja ya asubuhi: inayotoka Likoni kuja kisiwani watu wamebanana, inayorudi imebeba upepo. Wewe mpandishe mamako feri inayorudi. Aondoke wiki ya kwanza ya Disemba, wakati umati haujaanza kusogea, na hata utakapoanza utakuwa unakuja huku yeye anakwenda kule. Ama asubiri mpaka karibu tarehe 20 Januari, lakini hapo mtoto atakuwa ameshazaliwa na mamako hatakusamehe. Kurudi, mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi hakuna msongamano mkubwa wa kutoka kule. Ila kipande cha mwisho cha kuingia Mombasa kiangalie mapema, kwa sababu Ramadhani watu wa umra wanapitia vituo hivyo hivyo, Dubai na Addis.

Fungua Google Flights, weka Mombasa na Toronto, ubonyeze kalenda. Itakuonyesha bei ya kila siku ya mwezi. Hapo utayaona haya ninayokueleza bila kuniamini mimi. Ukishaipata siku, nenda ukanunue kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Wale maejenti wa mtandaoni wanaokuonyesha shilingi elfu mbili chini, ndege ikibadilishwa saa ndipo utakapowajua: shirika litakwambia mwone aliyekuuzia, na aliyekuuzia hashiki simu. Nimeyaona mengi.

Tuje kwenye pointi, ambazo ndizo ulizoniitia.

Tikiti ya pointi si ya bure. Kiti ndicho unacholipia kwa pointi. Kodi na ada za viwanja unalipa pesa. Na yako mashirika yanayoongeza juu yake ada yao wenyewe, ile tuliyokuwa tukiiita ya mafuta, nayo kwa safari ndefu huwa nzito. Kwa hivyo kabla ya kufurahi, chukua kalamu. Bei ya tikiti kwa pesa, toa kile utakacholipa hata ukitumia pointi, kinachobaki kigawe kwa idadi ya pointi. Tuseme tikiti ni shilingi 150,000. Ya pointi wanataka pointi 70,000 na shilingi 60,000 juu yake. Umeokoa 90,000. Gawanya kwa 70,000, kila pointi imekununulia kama shilingi 1 na senti 29. Si mbaya. Tuseme tena safari ya Nairobi ni 6,500, nao wanakutaka pointi 7,000 na 1,600 ya kodi. Umeokoa 4,900, kila pointi imefanya senti 70. Hapo mimi nalipa pesa na pointi nazihifadhi. Mpaka wangu ni shilingi moja, chini ya hapo sizitoi. Wengine wana mipaka yao.

Maili zako za Skywards ni za Emirates na flydubai pamoja, tangu 2018 wanatumia programu moja. Emirates inaruka Dubai kwenda Toronto, kwa hivyo njia ipo. Lakini 38,000 kwa safari ndefu hivyo, kwenda na kurudi, hazitoshi, na hata ungekuwa nazo Emirates ni katika wale wanaotoza ile ada yao juu ya tikiti ya maili. Ushauri wangu, usizipeleke Toronto. Ziweke kwa Dubai yako mwenyewe, ule msimu wa kabla ya Idi unapokimbilia mzigo na bei imepanda. Pesa ikipanda, maili inapata thamani. Pesa ikiwa chini, lipa pesa ukusanye maili nyingine. Ila angalia mwezi uliozaliwa: maili za Skywards huishi miaka mitatu, na zinazokufa hufa mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa. Ingia kwenye akaunti, wameandika ngapi zinaondoka lini. Kama una watoto au mume anayesafiri, ziko akaunti za familia, mpaka watu wanane wanachangia kapu moja.

Aliye na hazina hapa ni shemeji yako.

Aeroplan ni ya Air Canada. Air Canada iko Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, na Ethiopian nayo imo tangu Disemba 2011. Ethiopian inatua hapa Mombasa na inaruka Addis kwenda Toronto. Maana yake shemeji anaingia kwenye akaunti yake ya Aeroplan, anatafuta Mombasa hadi Toronto, na viti vya Ethiopian vinamtokea. Anaweza kumkatia mtu yeyote, jina la abiria si lazima liwe lake. Na kinachonipendeza mimi: Aeroplan haitozi ile ada ya mafuta kwenye tikiti za mashirika mengine. Atalipa kodi za kweli na dola 39 za Canada za kukatia shirika rafiki. Tikiti moja, kubadilisha ndege mara moja tu Addis, mabegi yanapokelewa Moi na kutoka Toronto. Kwa mama mwenye magoti hiyo ndiyo njia.

Viti vya pointi ni vichache kila ndege, kwa hivyo atafute siku kadhaa, kwenda peke yake na kurudi peke yake. Ikipatikana ya kwenda kwa pointi na ya kurudi hakuna, asikatae, aichukue, ya kurudi aendelee kuitafuta. Na kama pointi zake nyingine ziko kwenye kadi ya American Express, asizihamishe kwenda Aeroplan mpaka kiti akione kwa macho, kwa sababu zikishahama hazirudi.

La mwisho. Usithubutu kununua "tikiti ya maili nusu bei" kwa wale wa WhatsApp. Mtu kuuza maili zake kumekatazwa na mashirika, na nyingine ni za akaunti za wizi. Wakigundua wanafuta tikiti, na wanaweza kuifuta mama yuko Addis.

Abiria wa Miritini

Ami nakuheshimu lakini kwa Nairobi sikubaliani. Mimi binafsi napanda SGR ya saa nne usiku, shilingi 1,500, alfajiri niko Syokimau, hapo na JKIA ni pua na mdomo. Bei za Nairobi ziko chini kweli, si maneno. Na KQ, yaani Kenya Airways, inaenda New York moja kwa moja, kutoka hapo Toronto ni karibu.

Ami wa Tikiti, Mji wa Kale

Kwa kijana mwenye begi la mgongoni umesema kweli, na bei za Nairobi mara nyingi ziko chini, sikatai. Mashirika ni mengi, wanashindana. Lakini tunamzungumza mama wa miaka 66. Treni hiyo yafika kabla ya saa kumi alfajiri. Atashuka na mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, maana hizo ndizo anazopewa kwenda Canada, na usiniambie atakwenda na moja. Mwenye kwenda kulea mzazi anabeba nusu ya Marikiti. Nani atambebea? Mtoto wake itabidi amsindikize, ongeza nauli ya wawili. Akisema apande ndege ndogo ya bei ya chini mpaka Nairobi, hiyo mabegi yanalipiwa mbali, na ikichelewa ndege ya Toronto haimngoji, kwa sababu ni tikiti mbili zisizojuana. Piga jumla yote ndipo useme ipi rahisi. Tofauti ikibaki elfu tano mimi naiacha.

Na ile ya New York uitoe kabisa. Inaruka kweli, tangu Oktoba 2018. Ila Marekani hawana cha kupita tu. Hata akikaa pale saa mbili akiunganisha, lazima awe na visa ya Marekani, na ya Canada haimsaidii. Nimewahi kuona familia imelia kaunta kwa jambo hilo.

Kitu kingine maadamu tumetaja Nairobi. Kuna ujanja watu wanaufanya: tikiti imeanzia Mombasa, mtu anaona bora apande treni akadandie ndege Nairobi, kile kipande cha kwanza akiache. Usifanye. Ukikosa kipande cha kwanza, mtambo unafuta vyote vinavyofuata. Utafika JKIA uambiwe huna safari.

Msela wa Changamwe

Ami, Jumanne nimeiwacha. Lakini nilipata bei nzuri!

Ami wa Tikiti, Mji wa Kale

Ulipata. Na Jumatano ungeipata vile vile.

Mama Mabuibui, Kisauni

Ami, Mungu akupe umri. Nimempigia shemeji usiku uleule, na simu haikuisha mpaka akaingia kwenye akaunti yake. Tarehe 3 Januari hakuna kitu, kama ulivyosema, na hata kwa pesa kalenda ilikuwa nyekundu tupu wiki zote mbili. Disemba mwanzo amepata kiti, Mombasa, Addis, Toronto. Amekikata hapo hapo. Kurudi bado hajapata, anaangalia Machi. Mamangu amefurahi, kwanza kwa kuwa atakaa na mwanawe zaidi kabla ya uchungu.

Nina mambo matatu yananitia wasiwasi. Kwenye tikiti jina limeandikwa mawili, na pasipoti ya mamangu ina matatu, la baba na la babu. Je, watamzuia? Halafu kiti cha magurudumu twakiombaje, na kinalipiwa? Na nikitaka kumchagulia kiti cha kando ya njia ili aweze kunyoosha mguu, tovuti ya Ethiopian inakataa namba aliyonitumia shemeji. Pia, shemeji asikie nimeuliza hili kwa siri: nimuandikie namba yangu ya Skywards apate maili?

Ami wa Tikiti, Mji wa Kale

Maili sahau. Skywards haihusiani na Ethiopian, na tikiti iliyokatwa kwa pointi haizai maili nyingine. Wewe mwanamke wa biashara kweli.

Jina ndilo la kushughulikia leo, si kesho. La ukoo kwenye tikiti lifanane na lile lililo kwenye mstari wa ukoo wa pasipoti, na majina mengine yafuate kama yalivyo pale. Sisi watu wa pwani tuna tabu hii ya kuitwa fulani binti fulani, nyumbani jina moja, kitambulisho jina jingine, na anayekata tikiti kule mbali huandika analolijua yeye. Mpige picha ule ukurasa wa pasipoti umtumie shemeji, awapigie Aeroplan warekebishe. Kurekebisha jina la mtu yuleyule huwa wanakubali, kubadilisha mtu hawakubali, kwa hivyo awaeleze vizuri ni jina lililokosekana. Wakati bado upo, ni jambo la simu moja. Asubuhi ya safari pale Moi ni jambo jingine.

Kiti cha magurudumu hakilipiwi. Waombe mapema, angalau siku mbili kabla, na waeleze kiasi cha shida: anaweza kupanda ngazi za ndege au hawezi, anatembea hatua chache au hatembei kabisa. Hayo ni mafungu tofauti kwao. Waambie kiwepo Mombasa, Addis na Toronto, maana Addis ndiko anakohitaji zaidi, na yule anayemsukuma ndiye atakayempeleka mpaka mlango wa ndege ya pili bila yeye kusoma kibao chochote. Muandikie karatasi ya Kiingereza: jina, ndege, dawa anazokunywa, namba ya simu ya shemeji na anwani atakayofikia. Aishike na pasipoti. Toronto, afisa wa uhamiaji atamuuliza anakwenda kwa nani na atarudi lini, na karatasi itamjibia. Kwenye begi, halua na mabuyu kwa kipimo, na kila cha kuliwa akitaje kwenye forodha. Nyama asibebe.

Ile namba inayokataa: shemeji ana namba ya safari ya Air Canada, herufi na tarakimu, jumla sita. Ethiopian wana yao ya safari hiyo hiyo, na hazifanani. Awaombe Aeroplan namba ya Ethiopian, au uwapigie Ethiopian uwape namba ya tikiti yenyewe, ile ndefu ya tarakimu 13. Itaanza na 014, ndiyo ya Air Canada. Wakiiona wataipata safari, na kiti cha kando ya njia utakichagua hapo. Chagua sasa, na ukague tena wiki ya safari, ndege ikibadilishwa viti navyo huhama.

Na Machi akitaka kusogeza siku ya kurudi kwa kuwa mjukuu amemshika, usihangaike kwenda ofisi ya Ethiopian hapa mjini. Tikiti ya 014 hawawezi kuigusa. Kila kitu kitapitia kwa shemeji na akaunti yake, kwa hivyo mwambie asiisahau nywila.